Muulize Fundi: Picha nzito, bakapu ya usiku kucha

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni mpigapicha wa hapa Mikindani. Napiga harusi, maulidi na sherehe za kutoa mwali, kamera ya megapikseli 24, napiga RAW, yale mafaili ghafi ya kamera. Kazi zangu zote ziko kwenye folda moja, PICHA, kwenye D ya laptopu, na sasa limefika kama TB 1. Kila Jumapili nalikopi lote kwenda diski ya nje ya TB 2. Naanza saa nne usiku, linamaliza saa kumi na mbili asubuhi. Betri ya laptopu imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati naanza moja. Kuna jamaa wa Kariakoo ananiambia nimtumie pesa aniletee SSD ya TB 2, ile diski ya kisasa isiyozunguka, shida itaisha. Nitume?
Mpigapicha, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitume, walau si sasa. Hiyo pesa imega kidogo ununue betri ya laptopu, na nyingine ndogo zaidi ununue waya. Nitakwambia kwa nini nautaja waya wakati laptopu yako sijaiona.

Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane. TB 1 ni MB 1,000,000. Gawanya kwa sekunde zilizomo kwenye saa nane, unapata kama MB 35 kwa sekunde. Namba hiyo ukishakaa na mashine unaifahamu kwa sura: ni USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000. Kwenye karatasi USB 2.0 inabeba megabiti 480 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 60, ila ukikopi mafaili ya kweli unaambulia 30 hadi 40. Diski yako, hata kama ni ile ya kawaida ya kuzunguka, ina uwezo wa kuandika MB 100 na ushee kwa sekunde. Kwa hiyo si yenyewe inayochelewesha. Ungechomeka SSD hapo hapo, kwa waya huo huo, ungepata MB 35 zile zile na usingizi ule ule.

Geuza diski uangalie tundu lake. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 zina tundu pana lenye sehemu mbili, kubwa na ndogo, zimekaa ubavu kwa ubavu. Huo ni USB 3.0, na waya wake una kichwa kipana hivyo hivyo. Sasa, ile sehemu kubwa ya tundu inapokea pia waya wa kawaida wa simu za zamani. Ukichomeka, diski inawaka, inaonekana, inakopi, hakuna anayekwambia kitu. Imerudi tu kwenye USB 2.0 kimyakimya. Mezani kwangu hii ndiyo sababu ninayoikuta kuliko zote: waya wa asili ulilegea au ulibaki ukumbini, mtu akachukua wa simu, maisha yakaendelea. Wenye diski za Type-C nao wasicheke, maana nyaya nyingi za Type-C zinazokuja na chaja za simu hazina kasi zaidi ya USB 2.0 upande wa data.

Upande wa laptopu tafuta tundu lenye ulimi wa buluu, au herufi SS kando ya alama ya USB. Si kampuni zote zinapaka buluu, kwa hiyo kama huoni alama, jaribu matundu yote moja moja. Anza kukopi faili moja kubwa, video ya ukumbini kwa mfano, halafu bonyeza More details kwenye kile kidirisha cha kukopi utazame grafu. Grafu hiyo ni mwalimu mzuri kuliko jamaa wa Kariakoo.

Ikikaa bapa kwenye 30 hadi 40 toka mwanzo hadi mwisho, ni waya au tundu. Ikiwa 100 na zaidi, tundu liko sawa. Ikianza vizuri, ikaenda hivyo kwa muda, kisha ikaporomoka hadi 20 au chini ya hapo na kubaki huko, hapo ni diski yenyewe, na inafaa uijue tabia yake kwa sababu diski nyingi ndogo za TB 2 na kuendelea zimeundwa hivyo. Njia za kuandikia data zimepandishwa moja juu ya nyingine kama makuti ya paa, ili nafasi ile ile iingize data nyingi. Kusoma hakuna tatizo. Kuandika mahali papya nako hakuna tatizo sana. Ila ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uinue ya juu yake, uyarudishe. Diski inajificha kwa kuandika kwanza kwenye sehemu ya muda yenye kasi, na sehemu hiyo ikijaa ndipo unapoona grafu imeanguka. Diski ya namna hiyo usiijaze pomoni, usifute na kuandika upya kila wiki, na ukimaliza kukopi iache ichomekwe kwa muda ijipange. Kukopi TB nzima juu ya TB ya zamani kila Jumapili ndiyo adhabu kubwa kuliko zote unayoweza kuipa.

Na hapo ndipo lilipo tatizo lako la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko waya. Unakopi folda *lote*. Harusi ya mwaka juzi, iliyokabidhiwa na kulipwa, maharusi wameshapata mtoto, bado kila Jumapili unaisafirisha tena. Kilichoongezeka kwa wiki ni nini? Tuseme harusi moja, picha 2,500, kila moja MB 28: ni GB 70. Hata kwa huo waya wako mbovu GB 70 ni kama dakika 34. Kwa waya mzuri na diski ya kawaida ni dakika kumi hivi. Usiku mzima unaupoteza kwa ajili ya mafaili ambayo tayari yako upande wa pili.

Windows ina programu ya kazi hiyo ndani yake, inaitwa Robocopy, hailipiwi wala haipakuliwi. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kioo cheusi kikifunguka andika hivi, ukibadilisha F iwe herufi ya diski yako:

robocopy D:\PICHA F:\PICHA /E /R:1 /W:1

Inalinganisha pande zote mbili. Faili ambalo ukubwa wake na saa yake havijabadilika linarukwa, jipya au lililobadilika linakopiwa. Hiyo /E inaingia kwenye mafolda ya ndani. Ile /R:1 /W:1 usiiache, kwa sababu usipoiweka, faili moja likigoma kusomeka, programu imeagizwa na waliounda kulijaribu tena mara 1,000,000 na kungoja sekunde 30 kila mara. Utazeeka. Mara ya kwanza ongeza /L mwishoni, itakuorodheshea itakachokopi bila kugusa kitu, uhakikishe F ni diski yenyewe na si flashi ya mteja. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile; yaliyokwisha kupita yanarukwa, kazi inaendelea pale ilipokatikia. Naomba ulishike hilo maana nusu ya barua yako ilikuwa ni uchungu wa kuanza moja.

Kuna watu watakufundisha kuweka /MIR. Hiyo inafanya diski ya nje ifanane kabisa na laptopu, *pamoja na kufuta*. Ukifuta harusi kwa bahati mbaya Jumamosi, Jumapili inafutwa na kwenye bakapu. Kwa mpigapicha siipendi. Wengine watakwambia uweke /MT ili ikopi mafaili mengi kwa mpigo. Kwa SSD ni sawa. Kwa diski ya kuzunguka yenye mafaili makubwa inaweza kukuharibia, kwa kuwa kichwa cha kusoma ni kimoja na kinaanza kurukaruka. Kwa sababu hiyo hiyo acha ule mtindo wa kufungua madirisha matatu ya kukopi kwa pamoja ukidhani unawahi. Moja limalize, lingine lianze.

Kama kioo cheusi kinakutisha, FreeFileSync inafanya kazi hiyo kwa vitufe na ni ya bure. Chagua Update, siyo Mirror, kwa maelezo yale yale ya kufuta.

Mengine ni madogo lakini yanajumlika. Kama unatumia Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, kuna folda ambalo jina lake linaishia na Previews.lrdata. Ndani yake mna vijifaili vidogo kwa maelfu, na diski inavichukia vijifaili kuliko inavyoyachukia makubwa. Grafu ikifika hapo inalala karibu na sifuri. Folda hilo usilipeleke, Lightroom italitengeneza upya. Faili la katalogi, lile la .lrcat, hilo ndilo lenye marekebisho yako yote, lisikose kamwe. Na kama umezoea kugeuza RAW kuwa DNG, muundo wa RAW wa kampuni ya Adobe, jua kwamba ukiiambia Lightroom ihifadhi maelezo kwenye picha, inayaandika ndani ya DNG yenyewe, kwa hiyo kubadilisha tu nyota ulizoipa picha kunafanya faili zima la MB 28 likopiwe upya. RAW ya kamera inaachwa kama ilivyo, maelezo yanakaa pembeni kwenye kifaili cha XMP cha kilobaiti chache. Mimi nakaa na RAW.

Programu yoyote ya bakapu inayokuuliza kama ibane mafaili, ikatalie. JPEG imeshabanwa, RAW nyingi zimeshabanwa. Prosesa inatoka jasho, unaokoa kidogo sana. Mahali pa kubana ni kwenye kamera: kama ina chaguo la RAW iliyobanwa bila kupoteza ubora, liwashe. Picha ya megapikseli 24 isiyobanwa inaweza kuvuka MB 40, iliyobanwa inakaa 25 hadi 30, na tofauti hiyo unaibeba kwenye kadi, kwenye laptopu na kwenye kila nakala.

Halafu antivairasi, maana najua utaniuliza. Ndiyo, inachunguza kila faili linalopita na inapunguza kasi. Wako wanaoizima. Kwa laptopu inayochomekwa flashi za wateja kila siku, sikushauri.

Sasa turudi kwenye SSD. Si kwamba ni mbaya. Kwenye USB 3 inatoa MB 400 na zaidi kwa sekunde. Lakini mnyororo mzima unakwenda kwa kasi ya yule mwenye kasi ndogo. Kadi yako ya kamera, kama ina mstari mmoja tu wa vidole vya shaba nyuma, mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde kwa viwango vyake. Kama D ya laptopu ni diski ya kuzunguka, nayo haisomeki zaidi ya 100 na kitu. SSD ya nje itakaa inawasubiri. Ningekuwa wewe, siku pesa ikipatikana, SSD ningeiweka *ndani* ya laptopu, picha zifunguke upesi na uhariri kwa raha, na kumbukumbu ningeziacha kwenye diski za kuzunguka, mbili. SSD si kifaa cha kufungia kabatini miaka bila umeme, tena kwa joto letu hili.

Nakala mbili ni lazima, hasa msimu wa korosho malipo yakitoka na kila wikendi kuna shughuli. Usiku wa harusi kopi kadi yote kwa haraka, usichuje, usiformati kadi. Wiki ikienda chuja zile zenye macho yaliyofumba, na Jumapili Robocopy ibebe zilizobaki. Kadi iformatiwe tu picha zikiwa zimeshakaa mahali pawili.

SWALI: Mwanangu fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Lindi mjini. Nimeanza kuskani picha za zamani za familia na za majirani, za miaka ya hamsini na sitini, kabla mchwa na unyevu havijazimaliza. Kijana aliyenifungia skana aliniwekea TIFF, dpi 1200, rangi 48 biti. Kila picha inakuwa MB 200, na kukopi albamu moja ni shughuli. Nifanyeje iwe haraka?
Mwalimu mstaafu, Lindi

JIBU: Sijambo mwalimu, shikamoo. Kazi unayoifanya ni kubwa, na kijana alikuwa na nia njema, ila amekubebesha mzigo usiohitajika. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1,200 kwa kila inchi, unapata nukta 4,800 kwa 7,200. Kila nukta kwa 48 biti inachukua baiti 6. Zidisha, ni MB 207. Punguza iwe dpi 600 na 24 biti, picha ile ile inakuwa MB 26. Ni mara nane pungufu, na bakapu yako imekuwa na kasi mara nane bila kununua hata waya.

Je, unapoteza kitu? Kwa picha iliyosafishwa kwenye karatasi, ni nadra kuona undani zaidi ya dpi 600. Unachokuza baada ya hapo ni nyuzi za karatasi na mikwaruzo. Negativu ni habari nyingine. Hizo ni ndogo na zimebeba undani mwingi, kwa hiyo ukizipata kwa mtu, skani kwa dpi 2400 hadi 4000 na usizionee huruma nafasi. Vivyo hivyo picha iliyofifia sana ambayo unakusudia kuirejesha, hiyo iachie 48 biti. Picha nyeusi na nyeupe iliyo safi unaweza kuiskani kwa kijivu, ikawa theluthi ya ukubwa. Ila yenye madoa ya manjano iskani kwa rangi, maana rangi ya doa ndiyo itakayokusaidia kuliondoa.

TIFF ina namna za kujibana bila kupoteza chochote. Kwa mafaili ya 24 biti chagua LZW. Kwa yale ya 48 biti chagua ZIP, kwa sababu LZW kwenye 48 biti mara nyingi inafanya faili liwe *kubwa* zaidi. Uliyonayo tayari ya MB 200 usiyaskani upya, yageuze tu.

Na usirekebishe juu ya faili la asili. Kila ukihifadhi TIFF, linaandikwa lote upya, na bakapu italiona kama jipya na kulikopi lote. Weka folda la ASILI ambalo haliguswi, na la KAZI. La asili litakopiwa mara moja tu maishani mwake.

SWALI: Za leo fundi. Nina studio ndogo Masasi. Nataka kuachana na madiski niweke picha zote mtandaoni, nasikia ndiyo usalama. Nikianza kupakia nitamaliza lini?
Mwenye studio, Masasi

JIBU: Njema ndugu yangu. Pima kwanza kasi ya *kupakia*, siyo ya kupakua ambayo ndiyo inayotangazwa. Tuseme umepata megabiti 5 kwa sekunde na hazishuki. Harusi moja ya GB 70 itachukua saa 31. Hiyo ni harusi moja, bando halijaisha, na jioni watu hawajaingia mtandaoni. Ukiwa na harusi mbili kwa wiki ni saa 62 za kupakia bila kupumzika.

Peleka mtandaoni kilicho chepesi na cha thamani: JPEG zilizokamilika. Picha 400 za MB 8 ni GB 3.2, kwa kasi hiyo ni saa moja na nusu hivi, tena usiku. RAW zibaki kwenye diski mbili, na moja ya hizo isilale jengo moja na studio. Mpigapicha wa Kimarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe mbali. Kwako wewe mbali si lazima iwe mtandao. Ni nyumba ya dada yako Mtwara. Ukienda unapeleka diski ya leo na kuchukua ya zamani. Kwa GB nyingi basi la Masasi–Mtwara linaupita mtandao wako bila ubishi.

Kumbuka pia Mei 2024. Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar huko Somanga, na siku chache baadaye kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa na picha mtandaoni tu, na diski mpya akiitegemea kutoka Kariakoo, alikaa mikono mitupu kwa pande zote mbili.

SWALI: Dada fundi, mimi bakapu naikopi kutoka C kwenda D, lakini iko polepole sana kuliko hata flashi. Laptopu ni mbovu?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Laptopu ni nzima mdogo wangu, ila hiyo si bakapu. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya Start, fungua Disk Management. Kama C na D zote ziko kwenye mstari wa Disk 0, ni diski moja iliyogawanywa vyumba. Kichwa kile kile kinasoma chumba hiki, kinakimbia kuandika chumba kile, kinarudi, ndiyo maana kasi inakufa. Na diski hiyo ikifa, C na D zinakwenda pamoja. Tafuta diski ya nje, na waya wenye kichwa kipana.